Mpishi Asiyeonja

Ba,

Nimefungua hoteli! Naanza na hilo kwa sababu ulipokuwa hai hukuwa na subira na salamu ndefu. Nikianza kukuuliza habari za mguu, za usingizi, za wajukuu, ulinikatiza: "Wewe sema maneno, dengu iko ungua." Basi neno lenyewe ndilo hilo. Mimi Okelo, mpishi wako wa miaka kumi na tisa, nina hoteli yangu hapa Manyatta. Paa ni la mabati, mabenchi ni sita, majiko ya makaa ni matatu, na yale masufuria yako manne ya shaba yanang'aa mlangoni mpaka mama anayeuza sukuma wiki jirani akaniuliza kama nimeyatoa kanisani.

Watoto wangu wanasema haifai kumwandikia mtu aliyekufa, tena mtu ambaye hakujua kusoma Kiswahili. Kweli kukisoma hukujua. Lakini ulikisema kwa nguvu zako zote, ukikivunjavunja, na sisi wawili tulielewana hivyo hivyo. Wajukuu walikuita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, nami nikafuata na hakuna aliyenikataza. Sasa nisikilize, nina mengi.

Siku ile ulipotutoka nilisimama nje ya ukuta wa pale mnapochomea maiti zenu, mimi na askari wa lango. Kwetu watu wangelala uani kwako, tungekulilia siku nyingi. Kwenu jioni ilipofika mambo yalikuwa yamekwisha. Nikarudi jikoni kwa sababu sikujua pa kuupeleka mwili wangu, nikakatakata bilingani ambazo hakuna aliyeziomba. Nililia, Ba. Ungeniona ningesema ni moshi, lakini leo nakwambia wazi.

Haukupita muda mrefu, mwanao Harish akaamua kuuza nyumba na kuhamia Nairobi. Aliniita sebuleni, akaniketisha kwenye kiti, mimi ambaye pale ndani nilizoea kusimama. Akaniambia twende wote. Mshahara utaongezwa, nyumba ya wafanyakazi huko ina umeme, na kuna shule nzuri karibu kwa ajili ya binti yangu Atieno. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi nimjibu. Harish ni mtu mwema, unajua. Mke wangu akaanza kuwaaga wenzake sokoni Kibuye, na mimi moyoni nilikuwa nimeshakubali. Nani anakataa umeme?

Halafu ikaja Jumanne moja, nikipika dengu ya mchana. Unakumbuka ulivyokaa sebuleni na shanga zako za kusalia, unasikiliza karai yangu kupitia ukutani? Mbegu za haradali zikianza kupasuka kwenye mafuta, mpishi ana nafasi fupi sana. Akiharakisha zinabaki mbichi, akichelewa zinaungua na chungu chote kinakuwa kichungu. Kila siku ya Mungu uliita kutoka huko, "Sasa!" nami nikamimina dengu. Jumanne ile zikapasuka, nikangoja. Nikangoja sauti yako, Ba, kama mjinga, bakuli liko hewani. Kisha nikasikia mtu amesema "Sasa!" na mtu huyo alikuwa mimi. Nikamimina. Harufu ikapanda vile vile inavyotakiwa kupanda. Nilicheka peke yangu, na pale pale nikajua siendi Nairobi. Sikuota ndoto, wala hakuna mchungaji aliyeniombea. Nilijua tu, kama mtu anavyojua kwamba ana njaa.

Nilikwenda kumwambia Harish. Baadaye akaja jikoni na masufuria yako, mawili mawili, akayaweka mezani. Alisema mkewe hayataki, ni mazito. Lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Mke wangu, Mama Atieno, ndiye aliyenipa kazi ngumu. "Baba Atieno, watu wa ziwa unataka kuuzia dengu? Kwani umerogwa?" Alikuwa na haki yake. Tukianguka, hakuna tena nyumba ya kurudi wala mshahara wa mwisho wa mwezi, na Atieno yuko darasa la saba. Lakini nilimwambia atazame ziwa lenyewe. Magugu yamefunika ufuo mpaka mashua zinashindwa kutoka. Yule samaki mzuri, mbuta, anaishia viwandani, na mtu wa kawaida anauziwa mgongo wazi, ule mfupa uliobaki baada ya nyama kutolewa. Watu wamechoka kunyonya mifupa, nikasema. Ndipo akaniuliza swali ambalo kila mtu alikuwa akiniuliza: nitajuaje kama biashara hiyo ni tamu kabla ya kuionja? Nikacheka mpaka akakasirika. Mimi, Ba! Mimi ndiye wa kuulizwa hivyo!

Maana unaikumbuka wiki yangu ya kwanza kwako. Nilichovya kidole kwenye dengu, nikalamba, kama mpishi yeyote. Ulinyanyuka kwenye kiti kama mtu aliyeona nyoka. "Hapana onja! Mungu bado kula!" Sufuria nzima ukampa askari wa lango, na mimi nikaanza upya. Nilikuchukia mwaka mzima. Nilidhani unaona mdomo wangu ni mchafu. Mpaka siku moja, ulipokuwa unapika mwenyewe siku ya sikukuu yenu, nikakuchungulia: na wewe hukuonja. Ulipakua kibakuli kidogo, ukakiweka mbele ya ile picha ya Mungu wako kabatini, ukafumba macho, na mezani hakuna aliyegusa kitu mpaka umemaliza. Kumbe sheria ilikuwa ya wote! Hasira yangu ya mwaka mzima ilikosa pa kwenda. Tangu hapo nikapika kwa sikio na kwa pua. Chumvi niliijua kwa kiganja, pilipili kwa kupiga chafya. Chakula kilikwenda kwa Mungu wako, kisha kwako, kisha kwa mwanao na mkewe na watoto, na kikinifikia mimi kilikuwa makombo ya chini ya sufuria yaliyopoa, ninayachanganya na ugali bila hata kufikiri.

Kwa hiyo nikafungua, kifua mbele, bila samaki wala nyama, kama jikoni kwako. Na Ba, siku ya kwanza walikuja wengi! Wakachungulia, wakauliza mbuta iko wapi, wakaondoka. Siku ya pili wakaja wachache wakakaa, wakaagiza chai tu. Siku ya tatu niliwagawia majirani dengu sufuria mbili, na hata majirani walipokea kwa mkono mmoja. Mama Atieno alihesabu senti zilizobaki mara mbili. Jioni nilipokuwa nafunga nilianza kujiuliza kama Harish ameshapata mpishi mwingine.

Siku ya nne akaingia Omondi. Huyu ni mwendesha boda boda, na mdomo wake unasikika kuliko kengele ya baiskeli yake. Akakaa na wenzake wanne. Nikawapakulia. Hakuna aliyeshika chapati. Omondi akasukuma bakuli mbele yangu, akasema, watu wote wakisikia: "Mzee, hebu wewe kula kwanza. Tangu juzi tunakuangalia. Unapika, unapakua, huonji hata kidogo. Hii kitu yako iko na nini ndani?"

Kumbe hayo ndiyo yaliyokuwa yakizunguka Manyatta nzima! Kwamba Okelo amerudi kutoka kwa Wahindi na dawa ya kuvuta wateja, ndiyo sababu mwenyewe haigusi. Na walikuwa na haki, Ba. Kwetu anayekupa chakula hutangulia yeye, ili ujue hakuna ubaya ndani. Nimezaliwa nikiliona hilo. Mama yangu hakuwahi kumpa mgeni hata uji bila kuunywa kwanza mbele yake. Miaka kumi na tisa ya sheria yako ilikuwa imenisahaulisha adabu za kwetu, na nilikuwa karibu kufilisika kwa adabu za kwenu.

Nilisimama pale na upawa. Nikakufikiria wewe. Kisha nikatazama rafuni, juu ya debe la unga, kilipokuwa kile kibakuli ambacho huwa nakijaza kila asubuhi kabla ya kufungua. Mchungaji wangu hajui, na usimwambie. Kibakuli kilikuwa pale tangu saa kumi na mbili. Mungu wako alikuwa ameshakula! Hakuna kilichonizuia, isipokuwa mazoea.

Nikakaa kwenye benchi kati ya Omondi na wenzake. Nikakata kipande cha chapati, nikachovya, nikala.

Ba, ilikuwa ya moto. Sijui nikwambieje. Maisha yangu yote pale kwako sikuwahi kuila ikiwa ya moto, imetoka jikoni sasa hivi, ndimu bado inauma na sukari guru inakuja nyuma yake polepole. Nikachovya tena. Nikasahau kwamba nilikuwa naonja. Nikasahau wateja. Niliposikia Omondi anapiga kelele, "Yawa, huyu mzee anamaliza chakula yangu!" nilikuwa nafuta bakuli kwa chapati ya mwisho. Watu walicheka mpaka mama wa sukuma wiki akaacha meza yake akaja kuona. Omondi alichukua upawa mkononi mwangu, akajipakulia mwenyewe. Kufikia adhuhuri masufuria yako yote manne yalikuwa matupu, na Mama Atieno alikuwa anakanda unga mwingine huku anaimba. Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Tangu siku hiyo sijamgawia jirani hata kijiko.

Sasa nina ugomvi na wewe. Kwa nini hukuniambia? Kila siku nilisimama mlangoni kukusubiri umeze tonge la kwanza, nawe ulisema "Sawa," basi, sauti ile ile, Jumatatu hadi Jumapili. Nilidhani sawa ni sawa tu. Lakini pia nimefikiria jambo jingine. Hapa mtu hali mpaka nimeonja mbele yake. Wewe miaka kumi na tisa ulikula kutoka mkononi mwangu, mkono wa mtu mgeni ambaye hakuonja, na hukuuliza kitu hata siku moja.

Basi kwaheri, Ba. Naahidi hivi: Mungu wako atakula kwanza, mimi wa pili, watu wa tatu, na samaki hatakanyaga masufuria yako hata Mama Atieno anisumbue vipi. Nawe huko uliko, akitokea mtu wa kukupikia, usimwambie sawa. Mwambie ni tamu. Mwambie siku hiyo hiyo, Ba, usimwache afike umri wangu.

Ni mimi,
Okelo wa jikoni