Picha ya Mwaka Huu pale Botanique

Bruxelles, 26 Oktoba 2008

Maman mpenzi,

Habari za Bukavu? Mimi mzima, baridi tu. Nakutumia picha ya mwaka huu, ile unayoonyeshaga kanisani. Ni kwenye bustani ya Botanique kama kawaida, chini ya mti wetu uliogeuka mwekundu. Dalia bado zimechanua. Nimevaa pagne ileile ya kitenge tuliyoshona sare na Onésime.

Bon, nilitaka kukudanganya kwamba yeye ndiye aliyenipiga picha. Maman, mume wangu Onésime aliondoka nyumbani tangu Julai. Nilimwomba bibi mmoja mpita njia anipige. Alinipungia mkono mara tatu nisogee katikati, nami sikuelewa. Kumbe nilisimama pembeni, nimemwachia Onésime nafasi yake.

Hii usiionyeshe mtu.

Binti yako,
Claudine