Kichwa Juu, Kichwa Chini

Dobruja, 9 Juni 1978

Kwako Mama Tsvetana,

Pokea salamu zangu za heshima. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu, ila moyo ndio umevunjika. Je, miguu yako imepungua kuvimba tangu mazishi? Huku alizeti zimefika kiunoni.

Mama, nimesikia umebandua langoni tangazo la kifo cha Ognyan kabla arobaini haijatimia, kwa aibu ya maneno ya watu. Eti mwanao alilewa pombe ya rakia. Eti alikuwa akiringa angani na ndege yake. Waongo wakubwa! Rubani anayenyunyizia mashamba dawa huruka mita tatu tu juu ya mimea, jua la asubuhi machoni, na waya wa umeme hauoni mpaka ameshaufikia. Ndiyo maana sisi wa bendera, tunaomwongoza kutoka chini, husimama mwisho wa shamba, na rubani hutuuliza kwanza.

Unakumbuka aliporudi kutoka mafunzoni Ukraine? Ulimuuliza kama anataka supu, akapandisha kichwa na kukishusha, nawe ukaondoa sahani. Tulicheka mpaka machozi! Miaka mitatu huko walimzoesha kwamba hiyo ni ndiyo, wakati kwetu hapa Dobruja ni hapana. Basi mimi naye tukapatana kwamba shambani, injini ikinguruma, nitamjibu kwa mtindo wake. Akawa ananiita Bibi Bendera wa Ukraine.

Asubuhi ile ya ajali nilikuwa nimenuna, kwa sababu alitaka harusi yetu isogezwe hadi baada ya mavuno. Akachungulia dirishani mwa ndege, akanipigia kelele, ee Bibi Bendera, njia nyeupe? Haikuwa nyeupe. Jana yake mafundi walivuta waya mpya hadi kwenye pampu ya maji, na mimi niliuona. Nikamjibu hapana. Lakini kwa hasira zangu nilimjibu kikwetu, kichwa juu, kichwa chini, ili ajue simbembelezi tena.

Akacheka, akaondoka. Magurudumu yalipoacha ardhi ndipo nilipozinduka. Nilikimbia nikipunga bendera mpaka mti wake ukavunjika. Naye akanipungia mkono, Mama, huku akiuelekea ule waya. Nadhani alifikiri nimemsamehe.

Hakulewa. Alikunywa mtindi tu, kutoka kwenye chupa yangu. Tafadhali libandike tena tangazo lake, na atakayesema neno mlete kwangu.

Jumapili nitakuja. Utaniuliza kama ni mimi niliyemuua mwanao. Sitatikisa kichwa. Nitakujibu kwa mdomo.

Nisalimie shangazi Penka, na kuku wako.

Aliyekuwa awe mkweo,
Rumena