Mdogo Wako na Taulo Langu la Maua

Ghorofa ya Pili, Juu ya Duka la Viatu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Naomba barua hii ikukute umeketi, tena kwenye kiti chenye mgongo, maana nina mengi. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi hatujambo. Mama yenu ni mzima kabisa. Wiki hii amegombana na muuza mboga mara mbili na kupatana naye mara mbili, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na afya yake.

Habari kubwa ni za mdogo wako.

Daktari wa macho alipomkataza kupanda ulingoni, alikaa nyumbani mwaka mzima. Mtu aliyepigana mapambano thelathini na moja kwa jina la Nyundo akawa hana wa kupambana naye ila mimi na vyombo. Alinipangia kabati la jikoni kwa uzito, kama mabondia: sufuria kubwa chini, bakuli uzito wa kati, vikombe uzito wa unyoya juu kabisa. Nikiweka kikombe karibu na sufuria, ananiambia naonea mtu.

Kisha jimu moja, iliyo ndani ya ghala la zamani la matairi, ikamwita afundishe ngumi. Pale wanacheza ule mchezo wa mapigano mchanganyiko: ngumi, mateke, mieleka na kukabana, vyote humo humo ndani ya kizimba. Miezi mitatu alifundisha ngumi zake kwa raha. Ndipo kocha mkuu akapata kazi kwingine, na mwenye jimu akamuuliza mume wangu kama anaweza kufundisha yote. Unamjua nduguyo. Alisema ndiyo kabla swali halijaisha.

Wifi, alikuwa hajui hata kuanguka! Siku ya kwanza ya mieleka aliwaambia wanafunzi kwamba mwenye ngumi nzuri hana haja ya kulala chini. Mhasibu mmoja mwembamba akaomba, kwa adabu, aonyeshwe. Alivua miwani, akaikunja, akaitia ndani ya kiatu chake. Kufumba na kufumbua Nyundo wetu yuko chini, amepigwa kabali, miguu inatapatapa kama ya kuku. Alipozinduka aliuliza, "Raundi ya ngapi?"

"Bado hatujaanza, kocha," mhasibu akajibu.

Sikumcheka mbele yake. Nilikwenda kuchekea bafuni, nikafungulia maji. Lakini kesho yake alimwendea yule yule mhasibu, akamwomba awe anamfundisha saa moja kabla wenzake hawajafika. Hapo ndipo nilipoacha kucheka, kwa kuwa sikuwahi kumsikia akiomba.

Masomo ya ziada yalifanyika nyumbani, na wa kukabwa nilikuwa mimi. Jumamosi moja mchana tuliburuta godoro mpaka sebuleni. Nikamfunga kiuno kwa miguu, yeye ajinasue. Mama akafungua mlango, akatutazama, akaufunga taratibu. Tukamsikia kutoka nje: "Endeleeni tu, wanangu. Nilikuwa natafuta chumvi." Mpaka leo haingii sebuleni bila kukohoa kwanza.

Miezi ilipita, akaiva. Mwanafunzi wake bora ni binti mmoja mwoka mikate. Wenzake wanamwita Hamira, maana ukimgandamiza chini anaumuka. Mkaidi huyo, usiseme. Mwezi uliopita alipata pambano lake la kwanza, mimi na Mama tukakaa viti vya mbele.

Mpinzani alikuwa mwalimu wa kuogelea, mikono mirefu kama ngazi. Raundi ya kwanza Hamira alimtandika ngumi mpaka Mama akapanda juu ya kiti. Raundi ya pili wakaanguka. Yule mwalimu akaunasa mkono wa Hamira, akaubana katikati ya mapaja, akaanza kuupinda upande usiopindika. Katika mchezo huu ukizidiwa unagonga sakafu, mambo yanaishia hapo. Hamira hakugonga. Aliuma meno, akatikisa kichwa. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele, "Vumilia! Vumilia!"

Nikamwona mume wangu anapapasa begani kwake. Taulo likapaa juu ya uzio, likakunjuka, likamwangukia mwamuzi usoni, nami nikaona maua mekundu na majani yake. Lilikuwa taulo langu la kufutia vyombo! Alilichukua asubuhi bila kuuliza.

Pambano likasimamishwa, maana kocha akirusha taulo amemsalimisha mchezaji wake. Watu wakazomea. "Nyundo umekuwa pamba!" mmoja akapaza sauti. Hamira alitoka kizimbani akilia kwa hasira.

"Nani alikuomba?" akamwambia mume wangu. "Nilikuwa sijashindwa!"

Yeye alimfungua glovu polepole, moja kisha ya pili, akamwacha aende zake.

Hamira hakuonekana mazoezini siku tisa. Nduguyo hakwenda kumbembeleza, ila kila asubuhi alipita pale anapooka, akanunua mkate dirishani. Jioni akanunua mwingine. Tulikula mkate asubuhi, mchana na usiku. Mama akaniuliza kama mwanawe amefungua hoteli bila kumwambia. Siku ya kumi Hamira akatoka nje, mikono imejaa unga.

"Kocha, nimekwenda kwa daktari. Anasema ilibaki kidogo tu kiwiko kivunjike. Mkono huu ndio unaokanda."

"Najua."

"Basi acha kununua mikate, unawamalizia wateja wangu. Kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Usichelewe."

Haya alinisimulia mwenyewe jikoni, na hakuishia hapo. Ndipo alipoyatoa ya pambano lake la mwisho, ambalo mimi sikulihudhuria. Kumbe ulimfuata mtu wa kona yake, ukamvuta shati ukilia, ukimsihi arushe taulo, na watu wakakucheka! Akamaliza akiwa wima, akashinda, na jicho likaenda. Kisha akakwambia umemwaibisha mbele za watu, usikanyage tena alipo. Wifi, miaka miwili salamu zenu zinapitia kwangu kama mimi ni posta, nami nilidhani mmegombania kiwanja!

Nilimwambia akupigie simu. Akasema hajui aanzie wapi. Nikamwekea karatasi mezani. Mtu aliyewatazama wanaume wa kilo tisini bila kupepesa, alikaa mbele ya karatasi ile saa nzima akitokwa jasho. Alichoandika nimekibandika hapo chini. Usicheke mwandiko.

Msalimie sana shemeji, na mkweo fundi cherehani, na wale mapacha wasiopenda kuoga. Mama anakubusu kwenye paji la uso. Mungu akutunze, akulainishie hilo goti, akupe na nauli ya kuja kutuona.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata ukikawia kujibu.

*

Dada, shikamoo. Siku ile wewe uliona, mimi nilikuwa sioni. Nisamehe. Njoo.