Niliziosha Tende za Bibi

Matrah, 12 Desemba 1970

Bi Mshauri mpendwa,

Baada ya salamu naomba unisaidie, tena upesi ikiwezekana, maana baba yangu anarudi kutoka Abu Dhabi mwisho wa Januari na mpaka sasa sijui nitamwambia nini. Tafadhali usiandike jina langu, kwa sababu shangazi yangu huletewa gazeti lenu kutoka Mombasa na hulisoma lote mpaka matangazo ya vifo.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne, nimezaliwa Unguja, nikasoma Mombasa miaka sita, na sasa tumerudi Oman, ingawa neno kurudi ni la baba na bibi, mimi sijapata kufika hapa kabla ya mwaka huu. Mama yangu alifariki zamani. Nyumbani tuko bibi yangu, Shangazi Nasriya na mimi. Tulipofika tulikuta skuli mpya ya wasichana inafunguliwa, nikamwomba baba, naye akafikiri siku mbili nzima kisha akaniita mbele ya bibi akasema, "Bibi yako macho yamepungua nguvu. Ukiweza kushika stoo yake na kitabu pamoja, utasoma. Kimoja kikikushinda tutaacha kitabu, kwa sababu kitabu hakiliwi." Nikakubali mara moja. Bibi akanipa ufunguo, nami nikaufunga kwenye pindo la mtandio na ndiko uliko hata ninapoandika barua hii.

Lazima nikueleze kuhusu stoo, kwa sababu kwa bibi si chumba tu. Siku zile za Januari, wakati wa mapinduzi kule Unguja, nilipokuwa mdogo, tulifungiwa ndani tukala mbaazi zilizochemshwa kwa maji na chumvi mpaka zikaisha, na bibi alikuwa akigawa kwa kijiko yeye mwenyewe hali. Tangu hapo hawezi kukaa katika nyumba isiyo na akiba. Kila usiku kabla ya kulala hupita stooni akagusa gunia la mchele, papa mkavu, vitunguu na ndimu kavu, akaniambia, "Mwanangu, mimi nnalala kwa sababu ya chumba hiki, si kwa sababu ya godoro."

Nilijitahidi sana, Bi Mshauri. Nilipanda mchicha na bamia kwenye madebe uani, nikayamwagilia maji ya kuoshea mchele kwa sababu maji hapa hununuliwa, na bamia zimetoka, ila vipande vya muhogo tulivyokuja navyo vilikauka vyote vikawa kuni. Nilijifunza kwenda sokoni karibu na adhuhuri, wauzaji wanapotaka kufunga, kwa sababu wakati huo bei hushuka bila ya kugombana. Bibi alinisifu mbele ya wageni. Labda sifa zile ndizo zilizonipoteza, sijui.

Siku ya tatu ya Idi shangazi na mimi tulikwenda kununua tende za akiba. Tukamkuta mzee mmoja ana makanda sita yamepangwa ukutani, yale makubwa yaliyosukwa kwa ukindu, na yote yanavuja, chini pameloa maji meusi mazito yanayonata mpaka kwenye viatu. Nikamwambia shangazi kwa Kiswahili, nikidhani mzee hajui, "Shangazi, huyu anatuuzia uozo." Mzee akageuka akaniangalia.

"Uozo, binti? Mimi nimekaa Wete miaka ishirini na tano nikiwauzia mchele watu wenye adabu zao."

Shangazi alicheka mpaka akajiziba uso kwa buibui. Mzee akasema, "Hii ni asali yake. Kanda lisilotoa asali usilinunue. Lakini Idi imepita, chukueni yote sita kwa nusu bei, mnipunguzie mzigo."

Nusu bei! Mimi badala ya kushukuru nikaona ndiyo dalili yenyewe, maana kitu kizuri kwa nini kiuzwe nusu bei, lakini shangazi alikwishalipa. Usiku nikafungua daftari langu la Mombasa la mambo ya nyumbani, na mwalimu wetu alituandikisha hivi: chakula kinachovuja kimeanza kuharibika, kisafishe, kikaushe, ukifunge vizuri kisiingie hewa. Nikasoma mara tatu. Basi asubuhi yake bibi na shangazi walipokwenda kutoa pole kwa watu waliofiwa, nilifungua makanda manne nikaziosha tende zote kwa maji mara mbili, maji yakatoka mekundu kama chai ya mkandaa, nami nikafurahi kuona uchafu unatoka. Nikazianika darini juu ya jamvi, lakini nzi walikuja wengi na majirani wakaanza kuchungulia, kwa hiyo alasiri nikazikusanya nikazitia kwenye madebe ya samli nikayafunika kwa nguvu. Makanda mawili sikuwahi kuyafungua kwa sababu wenyewe walirudi.

Baada ya siku nane alitutembelea jirani yetu Bi Rahila, mwenyeji wa hapa Matrah, na bibi akaniambia nilete tende na kahawa. Nilipofungua debe kifuniko kikaruka chenyewe, likatoka povu na harufu kali, na mgeni ananingoja. Sikujua la kufanya. Nikachagua za juu zilizoonekana nzima nikaziweka sahanini. Bi Rahila akala moja, akaitafuna polepole sana, akanywa kahawa yake, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka na hakugusa ya pili. Bibi hakula kwa sababu siku ile alikuwa amefunga sita, zile saumu za baada ya Idi. Mlangoni Bi Rahila akanishika mkono akaniuliza kwa Kiarabu, taratibu ili nifahamu, "Mmezitia maji?"

"Nimeziosha, khala."

"Zote?"

"Makanda manne."

Akafumba macho. Akaniambia kwao tende hupangwa juu ya mbao, makanda juu ya makanda, na chini huwekwa bakuli kukinga ile asali, kwa sababu asali ile ndiyo inayozihifadhi mwaka mzima na zaidi, na huliwa kwa mkate. Yaani mimi, Bi Mshauri, asali niliimwaga kwenye mfereji na maji nikayafungia ndani. Kisha akasema, "Mimi sikuona kitu," akaenda zake, na mpaka leo sijui kama alinihurumia au alinidharau.

Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Harufu ile imefika ukumbini na jana bibi aliuliza, "Kuna panya kafia humu?" Shangazi, ambaye nimemweleza yote, akajibu haraka, "Panya wa hapa, mama, ndivyo wanavyonuka," kisha akanivuta jikoni akaniambia, "Tutasema yule mzee alituuzia mbovu. Nani atakwenda kumwuliza?" Mimi najua mzee alisema kweli, lakini shangazi ananipenda na yeye ndiye aliyenisemea kwa baba nikaandikwa skuli. Tena ninaogopa kuwa tende zile zimegeuka kileo kama tembo la mnazi, na kama ni hivyo nimeweka haramu katika nyumba ya bibi yangu na nimemlisha jirani, na sijui kama dhambi ni yangu au ni ya daftari. Nikisema kweli, baba atasema kimoja kimenishinda. Nikinyamaza, bibi atakuja kufungua debe kwa mkono wake siku moja. Usiku nimefikiri labda niache skuli mimi mwenyewe, niseme kichwa kinaniuma, ili baba asiwe na la kuniuliza. Lakini katika hesabu nilikuwa wa kwanza, na mwalimu amesema nikiendelea hivi huenda siku moja nikasomesha, na neno lile nimelihifadhi peke yangu sijamwambia mtu.

Nifanye nini?

Ni mimi,
Mshika Ufunguo

*

Mshika Ufunguo, mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, na siku ile ile nikakupelekea jawabu hili kwa posta, kisha nikamwambia mhariri aizuie gazetini wiki mbili. Nitakueleza kwa nini. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, lakini usijidanganye. Shangazi anayesoma mpaka matangazo ya vifo atakujua kabla ya mstari wa tano, na nyumba nzima itasomewa. Kwa hiyo una wiki mbili za kusema mwenyewe. Wengine hawapati hata siku mbili.

Mimi si mjuzi wa tende, najua kuzila tu. Nimekwenda kwa Bwana Amur, anayeuza tende za huko kwenu hapa Mombasa tangu ujana wake, nikamsomea kisa chako bila ya kutaja mji. Kwanza alicheka. Kisha akashika kichwa. "Kaziosha? Na asali kamwaga?" Nikamwambia mtoto ana miaka kumi na minne na alifuata daftari. Akasema, "Basi daftari hilo liliandikwa na mtu wa maembe."

Na ndiyo hivyo. Mwalimu wako hakukudanganya, aliwafundisha watoto wa mji wa mvua na joto la unyevunyevu, ambako kinachovuja huwa kimeoza kweli. Wewe uliibeba kanuni ya mji mmoja ukaivisha chakula cha mji mwingine, wakati mwenye chakula amesimama mbele yako anakueleza kwa lugha yako. Kosa lako silo kuosha. Kosa lako ni kuwa ulimwuliza daftari na hukumwuliza mtu. Una jirani ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyezaliwa penye tende, nawe ukaona haya kuonekana hujui. Haya hiyo imekula makanda manne.

Sasa sikiliza. Yale mawili usiyoyafungua yamesalimika. Yatoe sakafuni leo, yaweke juu ya mbao, moja juu ya jingine, weka bakuli safi chini, na usiyaguse kwa mkono wenye maji. Zile za madebe asile mtu, usimpe mgeni wala mbuzi wa jirani, na madebe yalegeze vifuniko yasije yakakupasukia. Kama ni haramu au zimegeuka siki, mimi si kadhi na wewe si kadhi. Bibi yako atamwuliza mwenye elimu, na atakaloambiwa ndilo litakalofanywa. Kuhusu Bi Rahila, nenda umwombe radhi kwa kumlisha tende ile, kisha umwombe akufundishe. Usikae ukipima kama alikuhurumia au alikudharau. Mtu aliyekudharau hakushiki mkono mlangoni akakueleza habari za mbao na bakuli.

Shangazi yako naye, na najua unanisoma, Bi Nasriya: mapenzi ya kumfundisha mtoto uongo ni mapenzi gani hayo? Mzee wa watu amewapunguzia nusu, amewaeleza ukweli, ametukanwa mbele ya duka lake, na sasa mnataka aitwe tapeli ili ndani ya nyumba yenu pawe salama? Anaishi kwa jina lake sokoni kama nyinyi mnavyoishi kwa jina lenu. Umfuate mtoto mpaka kwake, yeye aombe msamaha na wewe usimame pembeni. Panya wa Oman hawana kosa lolote katika jambo hili.

Linabaki lile unaloliogopa. Utamwambia bibi kwanza, kabla ya baba, kwa sababu akiba ni yake na usingizi ni wake. Usimwambie wakati wa kulala. Mwambie asubuhi, baada ya chai, mlango wa stoo ukiwa wazi ili aone mwenyewe mchele upo, papa yupo, vitunguu vipo na makanda mawili yako juu ya mbao. Usianze kwa kulia. Anza hivi: "Bibi, nimeharibu tende za makanda manne, na nimejifunza zinavyowekwa." Atapiga kelele, mwache apige. Mwanamke aliyegawa mbaazi kwa kijiko hatavunjwa na tende. Atavunjwa na siku atakayogundua kuwa mtu aliyempa ufunguo anamficha kilichomo ndani.

Kisha mwandikie baba kwa mkono wako, huko huko Abu Dhabi, asije akayakuta. Mweleze ulichopoteza na ulichofanya baada ya kupoteza. Na nikiwa na ruhusa ya kumwambia neno, nitamwambia hili: Bwana, umemwambia binti yako kitabu hakiliwi. Ni kweli. Lakini stoo hii haikuharibika kwa sababu mtoto amesoma sana. Imeharibika kwa sababu amesoma nusu, na nyinyi wakubwa, mliokuja naye katika nchi ngeni kwake, mlimpa ufunguo bila ya kuingia naye stooni hata siku moja kumwonyesha. Mtoto aliyesoma nusu hutolewa skuli akamalizie wapi?

Sikuahidi kwamba atakubali. Wababa wengine hawakubali, na kama atasema hapana, utamwomba tena baada ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija ukishapita, na bibi yako, nadhani, atakuwa upande wako. Lakini habari ya kuacha mwenyewe kwa kisingizio cha kichwa, hiyo nakukataza. Anayetaka kukutoa skuli aje aseme kwa mdomo wake, wewe usimfanyie kazi hiyo.

Asubuhi utakayomwambia bibi isiwe Ijumaa. Iwe siku ya masomo. Ukishamaliza kusema, akiwa bado amenuna, nawa uso, chukua mkoba, na uende skuli.