Sauti Nene ya Seif

Mjukuu wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Sote wazima, alhamdulillahi. Bibi yako anauliza kama huko unakula.

Umetaka kujua kwa nini kundi letu la hapa mjini Ibra, Oman, liliacha kuimba. Tulikuwa wanne, tukiimba harusini kwa midomo tu, bila ala. Seif, mwenye sauti nene, akahamia mji wa Sur kikazi. Hatukutaka kumpoteza, tukajaribu kuimba naye kwa simu ya spika. Kila tukianza sisi, simu inaikata sauti yake.

"Nyamazeni basi, majogoo nyie!" akacheka. "Niimbe mie."

Tukanyamaza. Akaimba sehemu yake peke yake, mwanzo hadi mwisho. Wallahi, miaka yote ile nilisimama juu ya sauti ile bila kuisikia. Sisi watatu hatukuthubutu tena kuimba bila sauti ile chini yetu.

Mola akuhifadhi.

Babu yako