Nafasi ya Mwezi wa Nane

14 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Swali ambalo nimehangaika nalo kwa miaka, na ambalo mwalimu wa uchumi hapaswi kuona haya kuliuliza, ni hili: anayetaka kusafiri kwa meli ya matembezi akate nafasi lini ili apate bei nzuri? Naona nimetanguliza swali kabla ya salamu, utanisamehe. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Mgongo unaendeleaje na kule kusimama saluni kutwa nzima juu ya vichwa vya watu? Mimi ni mzima, isipokuwa chuo kimefunguliwa na rundo la mitihani linanitazama kwa dharau.

Mwezi wa nane unatimiza miaka arobaini. Tulikubaliana kwamba ukifika hapo tutakwenda baharini, sisi wawili tu, wiki nzima, tusipike, tusifue, tusiulizwe kitu fulani kimewekwa wapi. Nimefuatilia bei kwa misimu mitatu. Ninavyoelewa, kampuni huanza kuuza mwaka mzima kabla, na miezi hii ya mwanzo wa mwaka ndiyo yenye punguzo, vyumba vizuri vikiwa bado vipo. Kisha bei hupanda kadiri meli inavyojaa. Wiki chache kabla ya safari, ikiwa vyumba vimebaki, hushuka ghafla. Lakini hapo unachukua kilichokataliwa na wengine, pengine chumba kisicho na dirisha, jirani na mitambo. Na kwa kuwa mwezi wa nane shule zimefungwa, sidhani kama kutakuwa na mabaki.

Rai yangu ni tukate sasa. Huenda nimekosea, misimu mitatu si ushahidi mkubwa. Unasemaje?

Dada yako

2 Februari

Shikamoo Dada Profesa,

Sisi hatujambo, hofu ni kwako na hiyo mitihani. Shemeji yako anakusalimia, anasema ukipata meli inayopokea wanaume wavivu umkumbuke.

Barua yako niliisoma saluni kwenye simu, kwa sauti. Mteja wangu mmoja wa benki kasema, "Dada yako ana akili. Mwambie akate leo." Mwenzake aliyekuwa chini ya drayer, akikausha nywele, akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto, "Akate leo ya nini? Shoga yangu alisubiri mpaka mwisho, kalipa nusu." "Na akalala wapi?" "Kalala chumbani, ulidhani kwenye ngazi?" Saluni ikagawanyika pande mbili, hata dawa ya mtu nikaisahau kichwani.

Mimi niko upande wa kusubiri, dada. Usinione mkaidi. Unajua silipii kitu mapema tena. Mara ile ya kwanza tulinunua kitanda kidogo, tukapaka kuta rangi, nikashonesha na mapazia, halafu mimba ikatoka. Kile kitanda kilikaa mle chumbani mwaka mzima, nami nikipita mlangoni natazama upande wa pili. Mara ya pili tulinunua vitu vichache tu, ikawa vilevile. Tangu hapo hata nguo ya kwendea harusi naitafuta asubuhi ya harusi. Ndivyo nilivyo sasa. Tusubiri.

Mdogo wako, Fundi wa Vichwa

20 Februari

Marahaba, Fundi wa Vichwa,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Mimi nimepona mafua, mitihani imekwisha, na nimeonea haya barua yangu ya mwanzo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu isipokuwa wewe.

Hata hivyo nimefanya jambo ambalo natumai hutalichukia. Ipo njia ya kati: kampuni inakubali malipo kidogo ya kushikia chumba, na inayarudisha yote ukifuta kabla ya mwisho wa Mei. Nimetushikia chumba chenye roshani, vitanda viwili, mwezi wa nane. Malipo nimetoa mimi, kwa hiyo wewe hujalipia chochote mapema. Nadhani hapo nimekuondolea hofu. Nikikosea, niambie.

Dada yako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijapata neno kutoka kwako tangu Februari. Nimepiga simu mara mbili. Shemeji alipokea, akasema umelala, na mara zote mbili ilikuwa mchana. Alikuwa mchangamfu kupita kawaida, jambo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko ukimya wako. Je, unaumwa? Au ni kile chumba? Andika hata mstari mmoja.

Dada yako

9 Mei

Shikamoo dada,

Samahani kwa ukimya. Tuko wazima. Kuhusu meli, nenda na yule rafiki yako wa maktaba, mtafurahi. Mimi sitaweza. Usiniulize sababu, tafadhali.

Mdogo wako

13 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru kwamba mko wazima.

Umenikataza kuuliza, kwa hiyo sitauliza. Nitakueleza tu ninachokiwaza, nawe utanisahihisha. Nawaza kwamba wiki nzima na mimi katika chumba kimoja imeonekana ndefu kwako. Si jambo la ajabu. Mimi ni mtu wa kusahihisha watu, hata wakiwa mapumzikoni. Lakini yule rafiki wa maktaba anakoroma, na hata kama asingekoroma kabisa, safari hii sikuifuatilia misimu mitatu kwa ajili yake. Kama tatizo ni mimi, niambie. Nitaumia kidogo, kisha nitapona. Kutojua ndiko kunakoniumiza sana.

Dada yako

20 Mei

Shikamoo dada yangu,

Tatizo si wewe. Nimesoma barua yako nikalia mpaka shemeji yako akaficha simu.

Nina mimba ya miezi mitano. Sasa nimeandika. Wanaojua ni shemeji yako, daktari na wewe. Saluni wanadhani nimenenepa, na yule wa benki keshanipa ushauri wa kupunguza mkate.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilikuwa nimejua siku chache tu. Nilitaka kukujibu kwamba mwezi wa nane sitaweza, kwa sababu meli hazipokei mjamzito aliyevuka miezi sita. Nikashindwa. Nikisema siwezi kusafiri mwezi wa nane, nimesema kwamba mwezi wa nane nitakuwa naye bado. Kukataa safari ilikuwa ni kumkatia yeye nafasi, dada. Ndiyo maana nikasema tusubiri. Halafu ukaweka kile chumba, na ukasema umeniondolea hofu ya pesa. Hofu yangu haikuwa ya pesa.

Naomba usishone kitu. Usinunue kitu. Usimwambie mtu. Ukinipenda, usifurahi kwa sauti.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba. Nimefurahi kimyakimya, kama ulivyoagiza. Nimezunguka meza ya chakula, nikarudi kuketi.

Jana nimekifuta chumba. Wakala aliuliza sababu, nikasema ni mambo ya kifamilia, naye akanipa pole kwa sauti ya msibani. Niliipokea, sikujua la kufanya nayo. Leo asubuhi chumba kilekile kimeshuka bei kwa robo. Niliandika kwamba mwezi wa nane hautakuwa na mabaki. Ulikuwa sahihi wewe na yule wa chini ya drayer.

Kama utaniruhusu, nitapenda kuwa karibu siku itakapofika. Hapa elimu yangu inanishauri ninunue tiketi ya ndege sasa, maana ndege haibembelezi abiria siku za mwisho kama meli. Hupandisha bei tu. Sitainunua. Likizo sijaiomba. Siku utakayosema njoo, nitalipa bei ya asubuhi hiyo, iwayo yote.

Dada yako

3 Julai

Shikamoo dada. Tupo.

3 Julai

Marahaba. Nimesikia.

19 Agosti

Shikamoo. Leo nimetimiza arobaini, shemeji yako kaniandalia chai akamwaga nusu. Tupo.

19 Agosti

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa miaka. Hilo la pili silitamki.

8 Septemba

Dada, shikamoo. Wamenilaza tangu alfajiri. Presha imepanda kidogo, daktari anasema leo au kesho. Anacheza bado. Njoo.

8 Septemba

Marahaba mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye ukumbi wa abiria, begi miguuni. Natumai presha imetulia, na shemeji ameacha kuwauliza wauguzi swali moja kila dakika. Kijana wa kaunta alinitazama kwa huruma. "Mama, ungekata mwezi uliopita ungelipa nusu." Nikamwambia najua. "Wengi hawajui," akasema. "Mimi nafundisha," nikasema, akanipa tiketi.

Ninaweza sasa kukuambia mengi kuhusu bei za meli, na karibu yote yana "pengine" ndani yake. Lakini swali lililojificha katika barua zako, kama kusubiri kunamlinda mtu, sijalimaliza. Umesubiri, na mtoto amefika mwezi wa tisa. Siwezi kusema amefika kwa sababu ulisubiri, wala siwezi kusema wale wawili wangefika kama kuta zisingepakwa rangi. Daktari atasema mambo hayo hayahusiani, nami darasani ningesema hivyohivyo. Na bado miezi hii yote sikununua hata soksi, na si kwa sababu tu ulinikataza. Nilipita dukani nikatazama upande wa pili.

Sijui, basi, kama tulikuwa na busara au tulikuwa na woga. Ili nijue ingebidi tuuishi mwaka huu mara mbili, mara moja tukiwa tumenunua kila kitu mapema. Na hata ningeruhusiwa, nisingethubutu kuujaribu kwa mtoto wako.

Shemeji hajaandika neno tangu saa tatu asubuhi, na sasa ni mchana. Wanaita ndege yetu.

Dada yako