Sikusikiliza Mpaka Mwisho

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, nikiomba barua hii ikukute mzima, miguu imepoa na cherehani haikugombi. Huku kwetu hatujambo. Baba yuko kazini kama kawaida, mama anakusalimu sana, na mimi naenda shule, ingawa siku hizi naenda nimeinamisha kichwa. Sababu utaikuta humu humu.

Najua utashangaa kupata karatasi. Tangu Baba akununulie simu, mimi na wewe tumekuwa watu wa kutumiana sauti, maana ulisema kuandika kwa kidole kimoja ni kama kutunga uzi kwenye sindano gizani. Sasa majuma yamepita hujanitumia hata salamu, na mimi nimeogopa kukutumia. Nimeona afadhali niandike, uvae miwani yako usome peke yako, bila sikio la mtu mwingine.

Baba aliporudi kutoka kwako hakugusa chakula. Alitueleza kuwa cherehani umeitoa barazani ukaiingiza chumbani, unashona sare za wanafunzi mlango umefungwa, na wateja unawapokelea dirishani. Wewe ambaye habari za mtaa ulikuwa unazijua kabla wenyewe hawajazijua. Alisema watoto wamepita wakiuliza kama unashona na nepi, nawe ukajifanya hujasikia. Kisha akasema lililomtisha zaidi, kwamba umegombana na muuza dawa, na vidonge vya presha umeviacha kwa sababu hutaki kukanyaga tena dukani kwake.

Nilimuuliza ugomvi ni wa nini. Akasema muuza dawa ndiye uliyemnong'oneza kwamba mkojo siku hizi haukusubiri, ulipomuuliza kama anazo nepi za watu wazima, na haukupita muda mtaa mzima ukawa unajua. Ulimwambia mbele ya wateja wake kuwa hana kifua. Yeye aliapa mpaka koo likamkauka, hukumwamini.

Baba akakuuliza kama hakuna mwingine uliyemwambia. Ukasema yuko mmoja tu, mjukuu wako, tena yeye ulimwomba akutafutie hizo nepi huku mjini ambako hakuna anayekujua. Hajazileta, ukasema, labda masomo yamembana. Lakini kwenye hesabu ya watuhumiwa ulinitoa kabisa. Ulisema mume wako yule ana kifua. Baba alilisimulia hilo akitabasamu kidogo, akanipigapiga begani. Mimi nikainuka kunawa mikono.

Bibi, muuza dawa hana kosa. Ni mimi.

Ile sauti uliyonitumia ulianza kwa utani wetu. Uliniita mume wangu, ukalalamika nimekutelekeza, ukasema yule mzee fundi saa anakuchekea kila akipita na nisipoangalia nitakuta ameshakalia kiti changu. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Wakati huo wenzangu shuleni walikuwa wanashindana kuposti vichekesho vya nyumbani kwao, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu asiyejulikana. Basi hata sauti yako haijaisha, nikaacha kuisikiliza, nikaiposti yote kama ilivyo. Juu yake nikaandika, Mke wangu leo ananisema. Nikatia simu mfukoni, nikaenda kucheza mpira nikijiona mtu.

Niliporudi nilikuta watu wamecheka kuliko nilivyotarajia. Nilifurahi, Bibi, sitakuficha hilo. Nikawa nashuka nasoma maneno yao moja moja, mpaka nikafika kwa mtu nisiyemjua aliyeniuliza kama mke wangu nimeshamnunulia nepi. Sikumwelewa. Ndipo nikaifungua tena ile sauti nikaisikiliza mpaka mwisho. Nikakusikia umeshusha sauti, utani umekwisha, unasema unaona aibu kumwambia Baba, na kwamba unaniambia mimi kwa sababu mimi sitakucheka.

Watu nisiowajua waliijua shida yako kabla yangu. Niliifuta palepale, lakini wengine walikuwa wameshaihifadhi na kurushiana, mpaka ikafika mtaani kwako, na naona hakuna aliyethubutu kukuambia kuwa aliisikia kwa sauti yako mwenyewe. Na nepi sikununua. Kila nilipofika mlangoni mwa duka aibu ilinirudisha, nikanyamaza, na wewe huko ukajifungia ndani, dawa hunywi. Nimejichukia kwa hilo kuliko hata kwa kuposti.

Leo asubuhi nimemweleza Baba. Hakunipiga. Aliniuliza tu kama niliisikiliza yote kabla ya kuituma, nikasema hapana, akatoka nje. Kesho anakuja kwako na barua hii, na mfuko nilioufunga mwenyewe. Ukiulizwa kuna nini ndani, sema ni bitana. Vidonge vya presha vimo pia. Nakuomba uvinywe, hata kama mimi hutaki kunisikia. Shule ikifungwa nitakuja, na kabla sijafika kwako nitapita kwa muuza dawa nimwombe radhi mbele ya wateja wake, kwa kuwa mbele yao ndipo alipoaibishwa.

Liko jambo moja la mwisho. Mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye hajui lolote, ameniomba nizungumze na wadogo zetu wa kidato cha kwanza kuhusu kutumia mitandao vizuri, maana eti mimi ni hodari. Ningependa niwaeleze nilichofanya, bila kukutaja wewe wala mtaa wako. Niwaambie kwamba sauti ya mtu inabaki yake hata ikiwa kwenye simu yako, na kama huwezi kumuuliza mwenyewe, usibonyeze. Lakini habari hii ni yako. Ukisema hapana, sitafungua mdomo. Safari hii nauliza kwanza.

Nisalimie majirani, wale uliobaki nao. Sikuombi unijibu kwa sauti. Ukiandika nitashukuru, ukinyamaza nitaelewa.

Ni mimi,
Mjukuu wako.

Neno mume sikuliandika makusudi. Ulinipa wewe. Siku ukiona linanifaa tena, utaniita.